Nafuu ya Ushuru Wakati wa Shida: Ni Muda, Si Zawadi

Maelezo haya yalitolewa katika semina ya viongozi na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika viweze kuyasoma pamoja na kuyajadili.



Nimeombwa niseme juu ya ushuru. Najua neno hili likitajwa tu, wengine huanza kutazama mlango uko wapi. Kaeni, sikuja kumtoza mtu. Nimekuja tuzungumzie jambo moja. Uchumi unapoanguka, na serikali ikatangaza redioni kwamba inawapunguzia wafanyabiashara mzigo wa ushuru kwa muda, maneno hayo yana maana gani kwa mama mwenye duka, kwa fundi wa jua kali, kwa kijana mwenye kinyozi, au kwa kikundi chenye mashine ya kusaga unga?

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni mambo ya wenye makampuni makubwa Nairobi." Sivyo. Mwenye kampuni kubwa ana mhasibu wa kumsomea sheria na wakili wa kumwandikia barua. Sisi tusiojua tunasikia nusu ya tangazo, tunapiga makofi, halafu miaka miwili baadaye barua inafika yenye deni lililozaa faini na riba. Wakati huo redio imeshanyamaza.

Yaliyotokea mwaka wa 2020

Mfano tulio nao ni ule wa ugonjwa wa Korona. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Muda si muda masoko yakafungwa, shule zikafungwa, na usiku hakuna kutoka nje. Mwenye hoteli akawa na viti bila wateja. Mshonaji wa sare za shule akakaa na vitambaa ambavyo hakuna mzazi anayeviulizia.

Machi 25, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu za ushuru, na bunge likapitisha sheria iliyoanza kazi Aprili 25. Nitataja zile zilizotugusa.

Kwanza, VAT, yaani ule ushuru unaojificha ndani ya bei ya bidhaa nyingi, ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, 2020.

Pili, ushuru wa mauzo wa biashara ndogo, ule wahasibu wanaouita TOT, ulishuka kutoka asilimia 3 hadi asilimia 1.

Tatu, ushuru wa faida za makampuni ulishuka kutoka asilimia 30 hadi 25.

Nne, mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hakukatwa ushuru wa mshahara.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Januari 1, 2021, VAT ilirudi asilimia 16 na ushuru wa makampuni ukarudi asilimia 30. Miezi tisa tu, kama mimba. TOT ilibaki asilimia 1 muda mrefu zaidi, lakini nayo ilirudi asilimia 3 kuanzia Julai 1, 2023. Aliyezoea asilimia 1 na kupanga bei zake hivyo, siku hiyo alishtuka.

Ndiyo maana nasema nafuu ya namna hii ni muda, si zawadi. Zawadi ukipewa ni yako. Muda una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ukiisikia nafuu, swali la kwanza ni, "Ni kiasi gani?" Swali la pili, ambalo wengi husahau, ni, "Inaisha lini?"

Nafuu ni za aina tatu

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu redioni zote huitwa nafuu. Lakini ziko tatu, na kila moja ina tabia yake.

Aina ya kwanza ni kupunguziwa kiwango. Hii ndiyo Kenya ilitumia sana mwaka wa 2020. Tuchukue mfano wa mwenye duka anayeuza bidhaa za shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 3 ya mauzo, analipa shilingi 4,500. Kwa asilimia 1, analipa 1,500. Kila mwezi zinabaki mfukoni shilingi 3,000, na kwa mwaka ni shilingi 36,000. Hiyo si pesa ya kuchezea. Ni karo ya mtoto, au ni mabati ya kuezeka stoo.

Lakini angalieni jambo moja. TOT hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiuza kwa shilingi 150,000 na bidhaa hizo ulizinunua kwa 148,000, ushuru bado unahesabiwa kwenye ile 150,000. Kwa hivyo hata kiwango kikishuka, mwenye faida ndogo sana bado anaumia. Sheria inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa ushuru akiomba atoke kwenye TOT na kulipa kwa hesabu ya faida. Lakini faida itaonyeshwa na nini, kama huna vitabu? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Aina ya pili ni kuahirishiwa. Hapa kiwango hakishuki hata senti moja. Unaambiwa tu, "Usilipe leo, utalipa baadaye." Uingereza ilifanya hivyo mwaka wa 2020. Biashara iliyokuwa na VAT ya kulipa kati ya Machi 20 na Juni 30 iliruhusiwa kungojea hadi Machi 31, 2021. Majirani zetu wa Uganda nao waliahirisha hadi Septemba 2020 malipo ya ushuru wa mapato kwa biashara ndogo zilizoumia.

Nafuu hii inasaidia, msiidharau. Biashara nyingi hazifi kwa kukosa faida. Zinafa kwa kukosa pesa mkononi wiki ile bidhaa zinapotakiwa kununuliwa. Ukiachiwa pesa ya ushuru kwa miezi michache, unaweza kununua mahindi, ukasaga, ukauza, ukasimama tena. Lakini ile pesa si yako. Mwenyewe amekuachia kwa muda tu. Ukiila kwenye sherehe, siku ya kuitwa utakuwa na ushuru wa zamani na ushuru wa mwezi huo, yote miwili mlangoni.

Hapa Kenya, hata wakati hakuna tangazo lolote, sheria ya taratibu za ushuru ya mwaka wa 2015 inaruhusu mtu aliyelemewa kumwandikia Kamishna akiomba muda zaidi au akiomba kulipa kwa awamu. Wengi hawajui hili. Wanafikiri ukikosa pesa ya ushuru kuna njia mbili tu, kulipa au kujificha. Kuna ya tatu, nayo ni kuandika barua. Kamishna anatakiwa kukujibu katika muda wa siku 30. Lakini kuna masharti mawili ambayo ni lazima myajue. La kwanza, riba inaendelea kuhesabiwa tangu siku ile ya kwanza uliyopaswa kulipa. La pili, ukikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Kwa hivyo usiahidi shilingi 10,000 kwa mwezi kwa sababu ya haya. Ahidi kile utakachoweza hata mwezi wa njaa.

Aina ya tatu ni kusamehewa faini na riba. Tusikie vizuri hapa. Kinachosamehewa ni faini na riba. Ushuru wenyewe unabaki.

Ukichelewa kulipa ushuru, kuna faini ya asilimia 5, halafu riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Tuseme unadaiwa shilingi 40,000. Faini ni shilingi 2,000. Riba ni shilingi 400 kila mwezi. Ukinyamaza miaka mitatu, riba ni shilingi 14,400. Deni la 40,000 limekuwa 56,400, na wewe hujaongeza hata kiberiti dukani.

Kuanzia Septemba 1, 2023, kulikuwa na msamaha. Mwenye deni la hadi mwisho wa 2022 aliyelipa ushuru wenyewe kufikia Juni 30, 2024 alisamehewa faini na riba. Mlango ulifunguliwa mara ya pili mwishoni mwa Desemba 2024, kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023, ukafungwa Juni 30, 2025. Yule wa mfano wetu angelipa 40,000 na kuepuka 16,400. Aliyesikia "msamaha" akafikiri deni lote limefutwa, hakulipa kitu, na mlango ukafungwa yeye akiwa nje na furaha yake.

Dawa ya deni ni kulipa. Msamaha huu haukuondoa dawa, uliipunguza uchungu tu.

Ni nani aliyekosa nafuu?

Nafuu hizi hazikumfikia kila mtu, na hatupaswi kuficha ukweli huo.

Wa kwanza kukosa ni yule ambaye biashara yake ilisimama kabisa. Umempunguzia mtu ushuru wa mauzo, na yeye hauzi kitu. Asilimia 1 ya sifuri ni sifuri, na asilimia 3 ya sifuri pia ni sifuri. Mtu huyo alihitaji mtaji, au chakula, si kiwango kipya cha ushuru. Ndiyo sababu vikundi kama vyetu, na merry-go-round zetu, vilibeba watu ambao sheria haikuweza kuwabeba.

Wa pili ni mnunuzi wa kawaida. VAT iliposhuka, bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya ushuru ilipaswa kushuka kutoka shilingi 1,160 hadi 1,140. Shilingi ishirini. Kama mwenye duka hakubadilisha bei, hizo ishirini zilikaa kwake. Nafuu ilitoka Nairobi, ikaishia njiani.

Wa tatu, na huyu ndiye ananiuma zaidi, ni yule aliyefunga duka akafikiri kwamba amefunga pia mambo ya ushuru. Mtu aliyeandikishwa kulipa TOT anatakiwa kutuma fomu kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata kama hukuuza kitu, unatuma fomu yenye sifuri. Usipotuma, kuna faini ya shilingi 1,000 kwa mwezi. Hesabuni: mwaka mmoja wa kukaa nyumbani bila mauzo ni shilingi 12,000. Mtu hana pesa ya unga, na deni linakua juu ya biashara iliyokufa. Vilevile mwenye PIN anayetakiwa kutuma fomu ya mwaka ahakikishe imefika kabla ya Juni 30. Akichelewa, faini kwa mtu binafsi haipungui shilingi 2,000.

Na msifikiri KRA haina njia ya kulipata deni lake. Sheria inairuhusu kuiandikia benki na kuiagiza itoe pesa kwenye akaunti ya mdaiwa. Fikirieni akaunti hiyo ni ya kikundi, na ndani yake mna akiba ya wajane na pesa za matangi ya maji. Huu si utani.

Je, sisi ni wadogo mno?

Naulizwa mara nyingi, "Bwana, sisi biashara yetu ni ndogo, ushuru huo unatuhusu?" Tupige hesabu badala ya kukisia. Sheria ya 2020 iliweka mstari wa chini wa TOT kuwa mauzo ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, na ile ya 2023 iliuacha mstari huo hapo hapo, ila mstari wa juu ulishuka kutoka milioni 50 hadi milioni 25.

Milioni moja inaonekana nyingi. Igawanye kwa siku 365. Ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Si faida, ni mauzo! Duka la sukari, unga na mafuta ya taa linaweza kupita hapo bila mwenyewe kujua. Mama anayeuza 80,000 kwa mwezi ana 960,000 kwa mwaka, yuko chini ya mstari. Jirani yake anayeuza 90,000 ana 1,080,000, yuko juu. Wote wawili wanavaa leso moja na wanajiita wadogo. Anayewatofautisha ni daftari.

Kikundi kinachofanya biashara na watu wa nje, kama kusagia watu unga au kukodisha viti na mahema, kisikae kikingoja kuulizwa. Kiulize mapema katika ofisi ya KRA au Huduma Centre. Na kwa kuwa viwango hivi hubadilishwa na bunge, kabla ya kulipa ulizia kiwango cha mwaka huo. Usitumie karatasi ya miaka iliyopita.

Pesa iliyobaki ifanye kazi gani?

Tuseme nafuu imekuja, na kila mwezi unabakiza zile shilingi 3,000. Ukiziacha kwenye droo moja na pesa ya mauzo, hutaziona. Zitakwenda kwa mgeni, kwa harambee, kwa soda. Ushauri wangu ni huu. Kwanza, punguza deni linalozaa. Pili, weka akiba ya kukusaidia siku kiwango kitakaporudi. Tatu, kama bei yaweza kushuka, mshushie mteja kidogo, kwa maana naye yuko katika shida ile ile, na mteja uliyemjali wakati wa njaa hakuhami wakati wa shibe.

Na tukumbuke upande wa pili. Ushuru ukipunguzwa, zahanati bado inataka dawa na barabara bado inataka changarawe. Serikali hulazimika kukopa au kupunguza matumizi. Ndiyo sababu nafuu haiwezi kudumu milele, na ndiyo sababu tuna haki ya kuuliza iliyokusanywa ilikwenda wapi. Mtu anayetuma fomu yake na kuhifadhi risiti yake anauliza swali hilo akiwa amesimama wima.

Mambo matano ya kufanya mkirudi nyumbani

1. Kila mwanachama mwenye biashara awe na daftari la mauzo la kila siku. Kalamu na kitabu cha shule vinatosha. Mauzo upande mmoja, matumizi upande mwingine.

2. Kikundi kichague watu wawili, si mmoja, wa kufuatilia mambo ya ushuru. Mmoja akihama au akiugua, mwingine ajue PIN na karatasi ziko wapi.

3. Neno la siri la kufungulia akaunti ya ushuru lisikae kwa kijana wa saiba. Mlipe kwa kazi yake ya kujaza fomu, lakini funguo za nyumba ziwe zako. Na usiondoke bila karatasi inayoonyesha fomu imefika.

4. Mkisikia tangazo la nafuu, andikeni majibu ya maswali manne: Ni aina gani kati ya zile tatu? Inamhusu nani? Inaanza lini? Inaisha lini? Kama hamwezi kujibu yote manne, hamjalielewa tangazo. Nendeni mkaulize.

5. Ukilemewa, andika barua kabla deni halijakomaa. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ndugu zangu, shida nyingine itakuja. Inaweza kuwa ukame, inaweza kuwa bei ya mafuta, inaweza kuwa ugonjwa. Sisi hatuwezi kuizuia. Lakini siku serikali itakaposema tena "tunawapa muda", kuwe na tofauti kati ya kikundi kilichokaa katika semina hii na kile ambacho hakikukaa. Tofauti hiyo ianze na daftari la kesho asubuhi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni wangapi kati yetu wanaojua mauzo yao ya mwezi uliopita bila kukisia?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuahirishiwa ushuru na kusamehewa faini? Mmoja aeleze kwa mfano wa biashara ya hapa kwetu.

3. Kama mwanachama amefunga biashara yake, kikundi kinaweza kumsaidiaje ili faini zisimrundikie?

4. Nani watakuwa wale wawili wa kufuatilia ushuru, na watatoa taarifa kwa wanachama lini?